Sketi ya Ngozi na Mkasi Wangu

Diploma yangu ya uuguzi imetundikwa sebuleni kwangu Katesh, mahali ambapo mgeni akikaa hana namna ila kuiona. Nimeipanga hivyo makusudi. Nilizaliwa Masakta, mtoto wa nne wa mkulima wa ngano na maharage, na kazi yangu ya kwanza hospitalini ilikuwa kupiga deki. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala padri aliyeniandikia barua. Nilitoka kwenye ndoo ya deki nikapata cheti, nikatoka kwenye cheti nikapata diploma nikiwa na miaka thelathini na nane na watoto watatu, kisha nikaenda Uingereza kufanya kazi miaka minane katika nyumba ya kutunzia wazee. Nimerudi, nimejenga, na tope la mlimani liliposhuka mtaa wa Jorodom nyumba yangu ilipokea watu hadi jikoni. Kwa hiyo nikisema, nisikilizeni.

Ninawaandikia ninyi mnaovaa sare nyeupe sasa. Nimekasirika. Nawaambia mapema msije mkadhani ni uzee.

Ninyi mna kila kitu. Sisi tulichemsha sindano za kioo juu ya jiko la mkaa, na ukisahau maji yakakauka, sindano inapasuka na jina lako linasomwa mbele ya wote. Mashine ya presha ilikuwa na zebaki. Ukiiangusha, zebaki inakimbia sakafuni, unaifukuza kwa kipande cha karatasi huku Sista Mkuu amesimama juu yako anahesabu matone. Leo mashine inajisoma yenyewe, inalia ikimaliza. Muda wote uliookolewa pale sijui mnaupeleka wapi. Naona simu tu.

Sista Mkuu wetu aliitwa Theresia, mwanamke mfupi kutoka kusini, mkali kama pilipili kichaa. Yeye ndiye aliyenifundisha kumpima presha mama aliyevaa bangili za shaba mkono mzima. Wenzangu walikuwa wanazivuta mpaka ngozi inachubuka. Theresia akasema, "Binti, huyu mama ana mikono miwili na miguu miwili. Umekosa pa kufunga mpira?" Tukafunga kwenye shavu la mguu, tukaandika kwamba tumepimia mguuni, kazi ikaisha. Andikeni hilo. Kifaa kikikataa mwili wa mtu, hama wewe. Usimhamishe yeye.

Ningekuwa nimelisikia vizuri neno hilo siku ile, nisingekuwa na habari ya kuwaambia leo.

Nilipostaafu na kurudi, chuo kimoja cha uuguzi upande wa Mbulu kiliniita kila mwaka kuzungumza na wanafunzi wa mwaka wa pili. Somo lilikuwa la maadili na mawasiliano. Mwalimu wa darasa, kijana mmoja mwenye adabu anayeitwa Safari, alikuwa amesoma mahali kwamba mwanafunzi haelewi ubaguzi kwa kufafanuliwa; anaelewa akisikia mtu akisimulia yaliyompata. Nakubaliana naye. Akatafuta mtu aliyepatwa, na katika wilaya mbili hizi nani mwingine kama si mimi?

Nilikuwa nawasimulia habari za bwana wa chumba cha kumi na moja. Mzungu mzee, mgonjwa wa mapafu. Siku ya kwanza naingia na dawa zake, akauangalia mkono wangu kama mtu aliyeona mjusi kwenye kitanda. Akasema hataki mkono mweusi umguse, aletewe mwingine. Nikatoka nikamwambia msimamizi wangu. Msimamizi akatabasamu akasema, "Usijali, ni mzee, hajui anachosema." Wakabadilisha ratiba ya zamu, nikapelekwa ghorofa nyingine. Yeye hakuambiwa kitu. Mimi ndiye niliyehamishwa, kama kiti.

Wanafunzi walikuwa wanaguna, "Jamani, Sista." Wengine wanafuta machozi. Kisha makofi. Nakiri niliyapenda makofi yale. Miaka minne nimeyapokea, nikienda nyumbani nimejaa.

Mwaka wa tano, baada ya makofi, Safari akanialika nipite nao wodi ya wazazi, waone muuguzi wa zamani anavyofanya. Nikaenda kifua mbele. Tukakuta wanakabidhiana zamu. Kijana Emanueli, ambaye nusu saa iliyopita alikuwa amesimama darasani akisema ubaguzi ni dhambi, akasoma ripoti yake: "Kitanda cha nne, Mang'ati, mimba ya sita, mbishi, hasikii Kiswahili, harufu ya samli mpaka dirishani."

Wakacheka. Kicheko cha watu walio kwao. Mama wa kitanda cha nne alikuwa ameketi palepale, anatuangalia kinywani mmoja mmoja.

Nikamuuliza Emanueli, "Umesema nini darasani leo?"

"Kuhusu nini, Sista?"

"Kuhusu Mzungu wangu."

"Aa, yule Mzungu, Sista, ni mbaguzi kabisa. Huyu tunatania tu. Hata wao wanajua."

Nilirudi Katesh sina usingizi wa mchana wala hamu ya chakula. Miaka mitano nimewafundisha kumchukia mzee mmoja wa Kizungu aliyekwisha kufa, na hawakujifunza kingine. Ubaguzi kwao ulikuwa kitu cha ng'ambo, kinafanywa na watu weupe, kwenye baridi. Na aliyewapa somo hilo ni mimi na diploma yangu.

Basi muhula uliofuata nikaamua kurudi kwa darasa lile lile kuwasimulia habari nyingine, ambayo sikuwahi kumwambia hata marehemu mume wangu.

Nilikuwa na cheti tu, mwaka wangu wa pili kazini. Akaletwa mama wa Kidatoga, hao tunaowaita Mang'ati, leba imekaa sana, damu inaanza kutoka. Alikuwa amevaa sketi ya ngozi, ile yenye nyuzi nyingi ndefu ambayo mwanamke wa kwao akiolewa ndiyo heshima yake. Nikamwambia avue. Hakuelewa, au alielewa akakataa. Alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili. Nje palikuwa na mama mkwe wake, angeifungua kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Sikumwita. Nikasema kwa sauti, wenzangu wasikie, "Mang'ati hawa wanapenda ngozi kuliko uhai," nikachukua mkasi wa kukatia bandeji, nikaikata toka kiunoni hadi chini.

Yule mama akaacha kulia. Hadi leo nadhani kilio kingekuwa nafuu. Alijifungua mtoto wa kiume bila kutoa sauti, uso ameugeuzia ukutani.

Theresia alipoingia akaona vipande sakafuni, hakunipiga wala hakunitukana. Akapiga magoti, akaviokota kimoja kimoja, nyuzi zote, akavikunja ndani ya shuka safi. Akaenda nje akampa mama mkwe kwa mikono miwili. Mama mkwe akalifungua lile shuka, akaangalia, akalifunga. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamemchukua mgonjwa na mtoto, wameondoka, damu haijakauka vizuri. Hawakurudi kliniki. Theresia akaniambia neno moja tu: "Mkasi una kazi mbili, kitovu na bandeji."

Nilimweleza Safari kwamba ndiyo nitakayosimulia. Akajikuna kichwa.

"Sista, kwa heshima yako, ishia Uingereza. Ya Wazungu yanatosha. Haya ya hapa yanaleta maneno. Tuna wanafunzi wa makabila yote."

"Ndiyo maana nataka kuyasema."

"Ndiyo maana naogopa."

Sikumsikiliza. Nilisimama mbele ya darasa nikasimulia yote, neno lile la Mang'ati nikalitamka kama nilivyolitamka wakati ule, mara tatu au nne, ili liwachome. Hapo ndipo nilipoharibu.

Mstari wa pili alikaa msichana anayeitwa Veronika, baba yake ni Mdatoga wa Hirbadaw. Hakuwa amejificha, jina la baba yake kwenye daftari la mahudhurio lilianza na Gida, na kwetu huku mtoto wa darasa la kwanza anajua hilo ni jina la Kidatoga. Alikuwa wa tatu kwa alama darasani na mikono yake katika kutafuta mshipa ilikuwa mizuri kuliko ya wote. Mimi, kwa kiburi changu, nikadhani namheshimu. Nikasema, "Veronika, simama. Wewe ndiye mwenye mambo haya. Waeleze wenzako sketi ile maana yake nini, na mama yule alijisikiaje."

Vichwa arobaini vikageuka. Nyuma mtu akanong'ona, na nikamsikia, "Labda anayo bwenini atuonyeshe." Kicheko kikapita chini chini.

Veronika alisimama, kwa kuwa mtu mzima amemwambia asimame. Akasema, "Sista, mimi nimekuja kusoma uuguzi." Akaketi.

Kesho yake, kabla sijaondoka chuoni, kitanda chake hosteli kilikuwa kimetandikwa na sanduku halipo. Rafiki yake Paulina aliletwa ofisini.

"Amekwenda kwao," Paulina akasema. "Amesema amechoka kuwa mfano. Samahani Sista, ndivyo alivyosema."

Safari akafunga mlango. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu ulikuwa mtihani wa vitendo, na kanuni ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma ya kichwa chake: asiyefanya mtihani wa vitendo bila cheti cha daktari anarudia mwaka mzima. "Na huyu akirudia mwaka," Safari akasema, "huyu harudi kabisa. Unamjua. Sista, mimi nilikuambia uishie Uingereza."

Nataka mwelewe hasira yangu ilikuwa kwa nani. Ilikuwa kwa Safari kidogo, kwa yule mnong'onaji wa nyuma sana, na iliyobaki yote ilikuwa yangu mimi mwenyewe, kwa sababu jambo lile nilishafanyiwa. Kule Uingereza walikuwa na siku ya mafunzo ya usawa kazini. Watu ishirini na wawili, mweusi mmoja. Mwezeshaji, mama mzuri mwenye sauti ya asali, akaniomba nisimame niwaambie wenzangu inakuwaje kuwa Mwafrika pale kazini. Nikasimama nikatoa moyo wangu. Wakaguna kwa huruma, wakaandika kwenye madaftari, saa ya chai nikapewa biskuti mbili badala ya moja, na zamu za usiku zikabaki zangu. Niliapa sitasahau. Nikasahau, kwa sababu safari hii mwenye chaki nilikuwa mimi.

Jumamosi nilichukua basi kutoka Mbulu, nikashuka Dongobesh, nikapata gari la Katesh, na kutoka hapo bodaboda hadi Hirbadaw. Dereva akaniuliza njiani, "Bibi, kwa Mang'ati unaenda kutafuta nini? Ng'ombe?" Nikamwambia asimamishe pikipiki. Akasimamisha katikati ya vumbi. Nikamwambia, "Rudia ulivyosema, polepole." Akaniangalia, akasema, "Basi, Bibi, tuendelee."

Nilimkuta Veronika anakamua. Aliponiona aliweka kibuyu chini, akaja, akainama kidogo.

"Shikamoo, Sista."

Kwetu hata uwe umekasirika namna gani, salamu haifi. Nikaitikia marahaba, na marahaba ile ilikuwa nzito mdomoni.

"Nimekuja kukuchukua. Jumatatu ni mtihani."

"Najua ni lini."

"Nimekosa, mwanangu. Sikupaswa kukusimamisha."

"Umekosa, ndiyo," akasema. Akavuta kigoda akanipa. Yeye akabaki amesimama. "Lakini hujakosa hapo tu. Mama yangu yumo ndani. Anaamini nimekuja likizo. Mwambie wewe kwa nini nimerudi. Mimi nitatafsiri."

Mama yake akatoka. Mwanamke mrefu, amenyooka, bangili hadi kiwiko, kitenge juu, na chini sketi ya ngozi, kuukuu, imepakwa mafuta ikang'aa. Nilikuwa sijaiona kwa karibu namna ile tangu siku ya mkasi. Akanipa mkono, akanipa maziwa ya mgando kwenye kikombe cha bati, akaketi mbele yangu.

Nimewahi kutoa taarifa mbele ya madaktari bingwa. Nimewahi kujibu maswali ya wakaguzi wa Kizungu kwa Kiingereza chao. Hakuna aliyeniogopesha kama mama yule. Nikasimulia leba, damu, mikono miwili iliyoishika sketi. Veronika akatafsiri sentensi kwa sentensi, sauti kavu kama anasoma ripoti ya zamu. Nilipofika kwenye yale niliyoyasema kabla ya kukata, akanigeukia.

"Neno lile, Sista, nilitafsiri au niliache?"

"Lina tafsiri gani?"

"Si la kwetu. Ni la Wamasai. Maana yake adui. Miaka yote hukujua?"

Nilijua. Sote tunajua. Hatujawahi kulisikia tu.

"Litafsiri," nikasema.

Akalitafsiri. Uso wa mama yake haukubadilika. Nikamaliza: shuka, mama mkwe, adhuhuri. Kisha nikasema habari za darasani, jinsi nilivyomsimamisha binti yake. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali fupi.

"Anauliza yule mwanamke alikuwa anaitwa nani," Veronika akasema.

Nikaweka kikombe chini.

Namjua bwana wa chumba cha kumi na moja majina yake matatu. Namjua mbwa wake aliyekufa kabla yake. Yule mama, ambaye nimembeba kifuani miaka zaidi ya thelathini na kujiona mtu mwenye dhamiri, katika daftari la leba nilimwandika kwa mwandiko wangu mzuri: Mang'ati, mke, uzazi wa tatu. Hakuna zaidi. Sikumuuliza. Mama mkwe alikuwa nje, Theresia alikuwa anajua Kidatoga cha kuombea maji, ningeweza kuuliza. Sijui kama alipona. Sijui mtoto aliitwa nani. Nilichokuwa nakisimulia darasani kilikuwa habari zangu mimi. Yeye alikuwamo kama mkasi ulivyokuwamo.

"Mwambie sijui," nikasema.

Veronika akamwambia. Mama yake akasema maneno mengi kwa sauti ya chini, akanyanyuka akaingia ndani.

"Amesemaje?"

"Amesema unywe maziwa."

Yalikuwa maneno mengi mno kwa maziwa, lakini sikuwa na haki ya kudai mengine. Nikanywa mpaka chini. Mama akatoka na sare nyeupe ya binti yake, imekunjwa, akamwekea Veronika mikononi.

Veronika akaigeuza geuza. "Nitarudi kwa ajili ya mtihani," akasema. "Si kwa ajili yako, Sista."

"Sawa."

"Na ile habari, utaisimulia tena?"

"Ukikataa, sitaisimulia."

Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwenye mashamba, mbuzi wanalia. "Isimulie," akasema. "Wanahitaji kuisikia, Emanueli na wenzake. Lakini sema na hilo la leo, kwamba jina hulijui. Na mimi nikiwa darasani usinisimamishe, usinitaje, wala usiniangalie. Hata kidogo."

Jumatatu akafanya mtihani. Akafaulu, na sishangai; mikono ile ilikuwa haifundishiki, amezaliwa nayo.

Safari hakutaka nirudi darasani. Nilimwambia nitasimama mlangoni na kusema kutoka nje kama atapenda, nina sauti ya kutosha. Akanipa nusu saa. Nikasimulia upya kutoka mwanzo. Sikusema habari za Mzungu hata moja. Nilipofika mwisho nikasema kwamba nimeulizwa jina la yule mama na sikuwa nalo.

Emanueli akanyoosha mkono. Alikuwa amevimba kwa hasira.

"Kwa hiyo Sista, ulimkata nguo, ukamwona mtoto wake anazaliwa, na hukumuuliza hata jina?"

"Sikumuuliza."

"Na ukatufundisha maadili miaka yote hii."

"Ndiyo."

Akaendelea kuniangalia, na nikaona jicho lake linahama kutoka kwangu, linashuka kwenye daftari lake la ripoti za wodi lililokuwa wazi juu ya meza. Akalifunga. Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wamenikasirikia, darasa zima, na mimi nikasimama nikaipokea hasira ile.

Ninyi mtakaosoma haya mtaitwa siku moja kusimama mbele ya wadogo zenu kusimulia yaliyowapata. Simulieni. Lakini kila mmoja wenu ana habari nyingine, ambayo ndani yake mkono wenye mkasi ni wake. Hiyo ndiyo kazi. Iliyobaki ni sifa, na sifa mimi ninazo za kutosha, zimetundikwa ukutani.

Veronika alikuwa mstari wa pili, mahali pake pale pale. Kwa muda wote wa nusu saa ile niliangalia ukuta wa nyuma, saa ya ukutani, Emanueli, mikono yangu. Uso wake alikuwa ameuweka namna gani, sijui. Sikumwangalia.